Fo-wili Inapogoma: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Mwezi huu safu yetu inatoka jikoni na kwenda uani, pale pikapu ya familia inapolala. Pengine baadhi yenu mtashangaa, lakini barua tunazopata zinaonyesha kwamba akina mama wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam sasa wanaendesha maisha yao kwa pikapu. Ndiyo inayobeba chakula cha kuku, matofali ya kumalizia nyumba, viti vya harusi na vya msiba, na ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitalini usiku wa manane. Huko Mabwepande na Madale, upande wa Kinondoni, au Chamazi na Toangoma, upande wa Temeke, lami huishia barabara kuu. Baada ya hapo ni mchanga, na mvua ikinyesha ni tope. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu hukwama hapo, hata dereva awe hodari namna gani.

Mama mmoja wa Chamazi ametuandikia juu ya shida yake. Anayo Toyota Hilux ya dizeli ya zamani ambayo hupeleka trei za mayai sokoni. Mvua zilipoanza, aliingiza gia ya fo-wili, taa ikawaka kwenye dashibodi, lakini magurudumu ya mbele yalibaki yametulia huku ya nyuma yakichimba shimo. Fundi aliyelitazama gari alisema boksi la fo-wili limekufa, atafute jingine lililotumika. Mama huyu anauliza: "Je, nikope fedha za kikundi, au niuze kuku kabla ya wakati wake?"

Jibu letu ni fupi: mama, usikope na usiuze kuku. Bado hujajua kilichoharibika. Fundi asiyepima anabahatisha, na gharama ya kubahatisha kwake unailipa wewe. Vipimo tutakavyoeleza vinahitaji chaki, jeki, mtu wa kukusaidia na saa moja ya utulivu. Ukivimaliza, hata kama kazi yenyewe itafanywa na fundi, utakwenda kwake ukijua ni mahali gani pa kufungua.

Nguvu inapita vituo vitatu

Kwanza tuelewe jinsi kazi inavyokwenda. Nguvu ya injini hupita kwenye giaboksi, kisha huingia kwenye boksi jingine dogo lililo nyuma yake, ambalo mafundi huliita transfa. Kutoka hapo, propela ya nyuma hupeleka nguvu magurudumu ya nyuma wakati wote. Unapoingiza fo-wili, transfa huiunganisha na propela ya mbele pia. Propela hiyo huzungusha difu ya mbele, difu huzungusha ekseli, na ekseli huzungusha magurudumu.

Kwa hiyo kuna vituo vitatu vya kuchunguza. Cha kwanza ni amri, yaani mkono wa gia ya fo-wili au kitufe cha dashibodi. Cha pili ni transfa yenyewe. Cha tatu ni huko mbele, mahali ekseli inapoungana na gurudumu au na difu. Kituo kimoja kikikatika, gari linabaki na magurudumu mawili ya kusukuma, ingawa viwili vingine ni vizima kabisa.

Sasa tuitazame ile taa iliyomdanganya mama wa Chamazi. Katika pikapu nyingi za zamani, taa ya fo-wili huwashwa na swichi iliyofungwa kwenye transfa. Ikiwaka, inakuambia kwamba transfa imeingia. Haijui lolote kuhusu magurudumu ya mbele. Maana yake ni kwamba taa ile ni shahidi anayeitetea transfa, na ingefaa uchunguzi uanzie mbele kabla ya kuihukumu.

Tazama katikati ya gurudumu

Chuchumaa mbele ya gurudumu la mbele utazame katikati yake. Ukiona kitasa cha kuzungusha chenye maandishi FREE na LOCK, gari lako lina habu za kufunga kwa mkono. Habu hizi zina historia yake. Mwaka 1948 Mmarekani Arthur Warn alianza kutengeneza habu za kufungua kwa ajili ya magari ya jeep yaliyobaki baada ya vita, ili magurudumu ya mbele yasizungushe ekseli, difu na propela bure pale gari linapokuwa kwenye barabara nzuri. Mpango huo ndio ulio kwenye pikapu nyingi za kazi hadi leo.

Sheria ya habu ni moja: zote mbili ziwe upande mmoja. Zote FREE, au zote LOCK. Kijana anayeosha gari au anayeziba pancha anaweza kugeuza moja na kuiacha nyingine. Ikitokea hivyo, difu ya kawaida hupeleka nguvu upande usio na kizuizi, na gurudumu lililofungwa halivuti kitu. Hivyo habu moja tu iliyosahauliwa inatosha kuua fo-wili yote. Barua ya mama wa Chamazi haisemi kama habu zake zilitazamwa, na hapo ndipo tunapomwomba aanzie.

Habu izungushwe kwa mkono, siyo kwa koleo wala kwa nyundo. Ikikataa kuingia, sogeza gari mbele au nyuma kidogo ili meno yakutane. Ikiwa bado ni ngumu, ina kutu au grisi iliyoganda ndani yake.

Ukikuta kifuniko kisicho na maandishi, basi gari lako ni la aina nyingine. Baadhi ya pikapu zina habu zinazojifunga zenyewe gari linapoanza kwenda ukiwa kwenye H4, na ili zifunguke unarudisha gia kwenye H2 kisha unarudi nyuma mita chache. Nyingine hazina habu za kufungua kabisa. Badala yake ekseli huunganishwa kwenye difu ya mbele kwa mvuto wa hewa, yaani vakyumu, au kwa mota ndogo ya umeme. Hizo tutazifikia.

Kipimo cha chaki

Kipimo hiki ndicho kinachoamua kama transfa ni nzima au la. Tafuta mahali tambarare penye udongo au mchanga, siyo lami. Watoto wawekwe ndani. Zima injini, vuta breki ya mkono, kisha chora mstari wa chaki kwenye propela ya mbele. Rangi ya kucha inafaa zaidi, maana haifutiki kwa tope.

Weka habu zote mbili FREE na gia ya fo-wili kwenye H2. Msaidizi wako aliendeshe gari taratibu, mwendo wa mtu anayetembea, kwa nusu mita hivi, kisha asimame na kuzima. Wewe simama kando, hatua nne kutoka kwenye gari, kamwe usiwe mbele wala nyuma yake. Tazama ule mstari. Unatakiwa uwe pale pale ulipokuwa. Ikiwa umesogea kidogo tu kwa sababu ya oili nzito, usijali.

Sasa acha habu zikiwa FREE, lakini ingiza H4. Rudia mwendo ule ule. Safari hii mstari unatakiwa uzunguke pamoja na mwendo wa gari. Kwa kuwa habu ziko wazi, magurudumu hayawezi kuizungusha propela hiyo. Kinachoizungusha ni transfa peke yake.

Ikizunguka, transfa yako ni nzima, na asikuuzie mtu nyingine. Shida iko mbele yake. Isipozunguka, shida iko kwenye transfa au kwenye amri inayoifikia. Gari lenye kiungo cha vakyumu au cha mota kwenye difu hupimwa vivyo hivyo: kwenye H2 mstari utulie, kwenye H4 uzunguke.

Kupima habu kwa jeki

Ikiwa propela inazunguka lakini magurudumu ya mbele hayavuti, na gari lako lina habu za mkono, pima habu zenyewe. Hapa inahitajika tahadhari kubwa. Gari liwe kwenye ardhi ngumu, siyo mchanga, maana jeki huzama. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, ingiza gia namba moja, rudisha fo-wili kwenye H2 na utoe ufunguo. Inua gurudumu moja tu la mbele, kisha weka stendi ya chuma chini ya ekseli au fremu. Matofali ya saruji yasitumike, kwa kuwa hupasuka ghafla. Hakuna mtu kuingia chini ya gari.

Habu zote zikiwa FREE, zungusha gurudumu lililoinuliwa kwa mkono. Litakuwa jepesi na mstari wa chaki utatulia. Sasa funga habu zote mbili LOCK na uzungushe tena, mbele na nyuma, hadi usikie meno yakishika. Gurudumu litakuwa zito zaidi, na mstari wa chaki utazunguka nalo. Kama mstari hautembei, habu moja haijashika. Shusha upande huo, inua wa pili, urudie. Gurudumu linalobaki jepesi vile vile kama lilipokuwa FREE ndilo lenye habu mbovu.

Habu mbovu si lazima inunuliwe mpya. Mara nyingi huwa imejaa grisi ya zamani iliyokauka pamoja na mchanga. Hufunguliwa, vipande hupangwa kwa mfuatano juu ya kitambaa safi, husafishwa, hupakwa grisi mpya kidogo na kufungwa tena. Tunasema kidogo kwa makusudi, kwa sababu grisi nyingi huzuia meno kuingia. Kama hujawahi kuifungua, mwache fundi afanye, wewe ukiangalia. Kazi hiyo ni ndogo kabisa ukilinganisha na kushusha transfa.

Mipira ya vakyumu na umeme

Wenye pikapu ambazo kiungo chake cha mbele hufanya kazi kwa vakyumu, yaani baadhi ya Hilux na Mitsubishi L200, waanze na mipira. Fungua boneti ufuate mipira myembamba inayotoka kwenye vali ndogo za umeme na kwenda chini kwenye difu. Joto la injini huikausha, panya huitafuna, na matope huichomoa. Tafuta mpasuko, hasa kwenye ncha. Kisha gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yote manne, gia ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa, washa injini usikilize. Sauti ya kufyonza hewa ni dalili ya tundu. Funga nywele na mtandio, na uweke mikono mbali na feni na mkanda wake. Kipande cha mpira ni kitu cha bei ndogo, nacho kinaweza kusimamisha fo-wili nzima.

Hapa tuna onyo moja. Injini za dizeli huwa na pampu ya vakyumu, ambayo mara nyingi iko nyuma ya alteneta, na pampu hiyo ndiyo husaidia breki pia. Fo-wili ikigoma na wakati huo huo pedeli ya breki ikawa ngumu kama jiwe, usiliendeshe gari hilo. Mwite fundi aje nyumbani.

Wenye kitufe cha dashibodi watazame betri kwanza, kwani betri dhaifu huishindwa mota ya fo-wili ingawa injini inawaka. Baada ya hapo tazama fyuzi. Ikiwa imeungua, weka nyingine yenye namba ile ile ya ampea. Kuna tabia ya kufunga waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, nayo imechoma magari. Ikiungua tena mara moja, kuna waya uliochubuka na fundi umeme autafute. Hali kadhalika, kumbuka kwamba L4 haiingii gari likiwa kwenye mwendo. Simama kabisa, kanyaga klachi au weka gia huru, ndipo ubonyeze na kusubiri taa iache kupepesa.

Gia ikiwa ngumu kuingia au kutoka

Wengine hulalamika kinyume chake: fo-wili inaingia lakini haitoki, na taa inabaki inawaka. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga, tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo hupotea. Kwenye lami kavu tairi haziwezi kuteleza, hivyo propela na gia hujikaza kama nguo inayokamuliwa. Ndiyo maana mkono wa gia hukwama. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, kisha jaribu tena, na mara nyingi itatoka yenyewe. Isipokuwa kama kitabu cha gari lako kinaruhusu wazi, fo-wili isitumike kwenye lami kavu.

Sababu nyingine ni tairi. Familia nyingi hununua mbili mbili kadiri fedha inavyopatikana. Hilo linaeleweka, lakini za mbele na za nyuma lazima ziwe na saizi moja, na zisiachane sana kwa kuchakaa. Tofauti ya kimo huikaza fo-wili hata barabara ikiwa imenyooka.

Ikiwa mkono wa gia unalegea na kuchezacheza bila kugusa kitu, tazama viungo vyake chini. Kwenye magari mengi kuna bushi ndogo zinazochakaa na kudondoka. Hapo pia transfa haina kosa.

Oili yenye rangi ya maziwa

Baada ya kupita kwenye maji mengi, ni vema kukagua oili ya transfa na ya difu zote mbili. Difu ya moto ikizama ghafla kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Fungua kwanza bolti ya juu ya kujazia kabla ya ile ya chini ya kumwagia, ili usimwage yote halafu ukashindwa kufungua mahali pa kujaza. Oili inatakiwa ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia na lazima ibadilishwe haraka. Ukiona vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho, hapo kweli kuna gia inayosagika. Aina ya oili fuata kitabu cha gari, kwa kuwa transfa za aina tofauti hutumia oili tofauti.

Ukienda kwa fundi

Ziko dalili zinazohitaji fundi bila kuchelewa: sauti ya kusaga, gia ya fo-wili inayoruka yenyewe, chuma kwenye oili, au propela ya mbele isiyozunguka ingawa viungo na umeme ni vizima. Usione haya kumweleza ulichopima. Mwambie, "Fundi, habu zikiwa FREE na gia kwenye H4, propela ya mbele inazunguka. Naomba uanzie mbele." Fundi mwaminifu atafurahi, maana umempunguzia kazi. Akipinga, mwombe arudie kipimo cha chaki mbele yako. Na kabla hujatuma mtu Gerezani kutafuta spea, andika aina ya gari na namba ya chesesi, na uombe kurudishiwa kile cha zamani kilichotolewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota vinashauri kuendesha kwa fo-wili walau kilomita 16 kila mwezi, ili oili ifike kwenye vipande vya mbele. Chagueni siku moja ya mwezi, pengine siku ya kwenda shamba, mfanye hivyo kwenye barabara ya vumbi. Wakati huo huo zungusheni habu, tazameni mipira, na kagueni kama kuna oili inayovuja. Masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba, kwa hiyo Februari na Septemba ndiyo miezi ya kufanya vipimo vyote tulivyoeleza. Na siku ya mvua yenyewe, ingiza fo-wili kabla ya kulifikia tope. Gari lililokwisha kuzama hadi ekseli haliokolewi na gia bali na koleo la kuchimbia na majirani.

Wewe mama wa Chamazi, tuandikie utuambie mstari wa chaki ulisema nini. Na wasomaji wengine wenye pikapu, tunawaomba mfanye kipimo hiki juma hili wakati anga bado ni jeupe, halafu mmfundishe na binti au kijana wa nyumbani, ili usiku wa dharura asiwepo mtu wa kuuliza habu ni nini.